Pumzi ya Madubwana, Kisiwa cha Munakata

7 Juni 1993, Jumatatu

Msimu wa mvua umeingia hapa Hakata, kusini mwa Japani, na kabla mwavuli wangu haujakauka nimeletewa habari ya kuniharibia mwaka. Bwana Shirouzu, mwenye hii karakana yetu ya michezo ya video, ametuita mimi na Munakata mezani kwake. Akaweka kaseti tupu mbele yetu, akaigonga kwa ukucha.

"Mchezo wetu hauenei humu," akasema. "Umezidi. Kaseti kubwa zaidi ya hii siwezi kuilipia, msiniulize. Ama pumzi ya Zaitsu ama kisiwa cha Munakata, kimoja kitoke. Amueni wenyewe kabla sijavaa nguo za sikukuu ya Julai."

Zaitsu ni mimi. Kazi yangu ni vita: nani apige kwanza, pigo liume kiasi gani, adui akimbie lini. Munakata kazi yake ni ulimwengu: milima, mito, vijiji, na hicho kisiwa chake cha kusini. Miaka mitatu meza zetu zinatazamana, na miaka mitatu nimemwona kama mtu anayelipwa kupaka nyasi rangi. Kitu changu mimi ni pumzi. Katika mchezo wetu kila dubwana linapumua. Unaona kifua kikipanda na kushuka, na ukijifunza kuisoma pumzi yake unajua litapiga lini. Ndiyo maana kila dubwana linataka picha nyingi badala ya moja, na picha zinakula nafasi. Lakini katika michezo yote ya mashujaa niliyocheza tangu shuleni, sijaona kitu kama hicho. Kitolewe kwanza kichwa changu.

Nikamjibu bosi, "Tutaangalia." Munakata naye akasema, "Tutaangalia." Kwetu neno hilo maana yake ni hapana. Bosi alilielewa vizuri sana, akaenda zake kuvuta sigara.

8 Juni

Mvua. Sikusema na Munakata, naye hakusema nami.

11 Juni, Ijumaa

Bi Tatsuno, mama yake bosi, ana duka la mayai ya samaki ya pilipili hapo chini yetu. Kila mchana hupanda na wali na matango ya chumvi, tukishakula hukamata padi ya kuchezea na kuujaribu mchezo wetu mpaka saa ya kufungua duka tena. Ndiye mjaribu wetu. Ana miaka sitini na nane na hana huruma.

"Hamjaamua bado?" akauliza leo.

"Tunaangalia, mama," akajibu Munakata, tango shavuni.

"Mnaangalia nini, mvua?"

Munakata akatafuna hadi akamaliza. Huyu bwana hana haraka hata nyumba ikiungua. Kisha akasema kwamba mtu akimaliza mchezo miaka ikapita, anachokumbuka ni alipita wapi. Hakuna anayekumbuka alimpiga nani.

"Mimi nawakumbuka wote niliowapiga," nikasema.

"Wewe Bi Mapanga ulimwengu kwako ni uwanja wa kupigania tu. Ukipewa bahari utauliza ina nguvu ngapi."

"Na wewe vita kwako ni nzi kwenye chakula."

"Basi, basi," akasema Bi Tatsuno, akagonga kijiti cha kulia kwenye bakuli. "Kila mmoja ampe mwenzake mchezo anaoupenda kuliko yote duniani. Aucheze kwa moyo safi. Asiyeweza, afunge mdomo na kazi yake itolewe."

Nimempa *Makucha ya Shaba*. Ni mchezo wa zamani, nimeumaliza mara nisizoweza kuzihesabu. Humo ukikosea amri moja umekufa, na ukifa unajua ni kwa kosa lako mwenyewe. Yeye kanipa *Ng'ambo ya Ziwa*. Kaseti yake imeandikwa jina lake ubavuni, kama mtoto wa shule.

14 Juni

*Ng'ambo ya Ziwa* ni aibu. Vita vyake ni kubonyeza kitufe kimoja mpaka kitu kife. Jana nilipigana na joka huku napiga mswaki, na joka likashindwa. Leo nimemwambia Munakata hivyo. Akauliza, "Umefika wapi?" Nikasema sijui, kijiji fulani chenye kisima. "Maji yake yakoje?" Nani anauliza maji ya kisima cha mchezo yakoje?

15 Juni

Vivyo hivyo. Nguo hazikauki.

18 Juni, Ijumaa

Niandike taratibu, maana nimeudhika.

Kwenye kijiji cha kwanza cha *Ng'ambo ya Ziwa* kuna lango, na ukisimama langoni unaona mlima wenye kilele cheupe kwa mbali. Nilidhani ni pambo. Kwenye kisima kuna mama analalamika kwamba maji yamekuwa na chumvi. Nikadhani ni maneno ya kujazia. Nimekwenda wiki nzima, msitu, ziwa, bonde, na mlima ule ukawa unaonekana, mara kushoto, mara nyuma ya miti, kila mara mkubwa kidogo kuliko jana. Leo nimefika juu. Weupe ule haukuwa theluji. Ni chumvi. Watu waliichimba wakaukata mshipa wa mto, na mto ndio unaoshuka kwenye kile kisima. Hakuna aliyeniambia. Hakuna maandishi yaliyotokea kunifundisha. Nilijua kwa miguu yangu.

Nikageuka, nikaona kijiji cha kwanza kule chini, kidogo kama punje ya wali, na lango lake. Nikakaa na padi mkononi sifanyi lolote.

Nikajikumbusha miji ya *Makucha ya Shaba*. Yote ni mji mmoja! Wamebadilisha rangi ya mapaa tu. Miaka yote hiyo sikuona, kwa sababu nilikuwa napita tu kutoka vita hivi kwenda vile. Sipendi kabisa kukosolewa na mlima.

21 Juni, Jumatatu

Leo zamu ya Munakata kuaibika. Wakati wa chakula alicheza *Makucha ya Shaba* mbele yetu, na mlinzi wa lango akawa anamuua, anamuua, anamuua.

"Unapigana kama mtu anayeomba radhi," Bi Tatsuno akamwambia. "Mpige! Au unataka kwanza kumuuliza hali ya wazazi?"

"Nyamaza kidogo, mama, namtazama."

"Yeye hakutazami, anakuchinja."

Nikajiandaa kucheka. Lakini Munakata akaacha kupiga. Akawa anajikinga tu, raundi baada ya raundi, macho kwenye runinga, na mwisho akaanza kupiga kwa utaratibu, akamshinda yule mlinzi bila kupoteza mtu. Akasimama kitini, akainamia runinga kwa heshima kama anavyomwinamia mteja.

"Huyu mlinzi akiwa mzima hupiga mara moja, kwa nguvu," akasema. "Akijeruhiwa hupiga mara mbili, ovyo. Anaogopa. Nyuma ya lango lile kuna kitu anachokiogopa kuliko sisi. Aliyemtengeneza amenisimulia maisha yake yote bila neno moja."

Mimi ile niliiita hesabu. Miaka yote, niliijua kama hesabu: ikipungua nusu ya uhai, ongeza mapigo, punguza shabaha. Sikuwahi kuona kwamba yule mtu anaogopa.

"Na pumzi yako ni jambo lilelile," akaniambia, "ila wewe umelifikisha mbali zaidi, dada Zaitsu."

Miaka mitatu hajawahi kuniita dada. Nikajitia kutafuta kalamu chini ya meza.

23 Juni

Munakata kaniuliza wazo la pumzi nilianzaje. Nikamweleza mpaka chai ikapoa. Mvua kubwa, mtaro mbele ya duka umefurika.

25 Juni, Ijumaa

Nilimsaidia Bi Tatsuno kuokoa magunia ya chumvi yasilowe, na tukiwa pale dukani akaniambia kitu.

"Unajua kile kisiwa cha Munakata ni cha kweli?"

Sikujua. Kumbe kwao ni kisiwani, huko bahari ya magharibi, na watu walihama mmoja mmoja, shule ikafungwa, hata meli ikaacha kwenda. Sasa hapana mtu. "Hasemi," akasema Bi Tatsuno. "Alimwambia mwanangu siku ya kuajiriwa, basi. Na wewe usimwambie nimekwambia."

Nikapanda juu. Munakata alikuwa ametoka. Nikakifungua kisiwa kwenye kompyuta yangu, kwa mara ya kwanza nikiwa sihesabu ni wapi nitaweka madubwana. Gati la mawe. Njia ya kupanda, na upande mmoja ukuta wa kuzuia upepo, na katikati ya ukuta jiwe moja limechomoza. Kwa nini limechomoza? Nikalisogelea. Mbele ya lile jiwe nyasi zimekanyagika. Watu walikuwa wanapumzisha mizigo pale. Shule ina madarasa mawili, na kwenye moja madawati ni machache kuliko kwenye jingine. Nimepita humo nikiwa sina silaha wala adui, na moyo ukanijaa kiasi cha kutoweza kunywa maji.

Miaka mitatu nimekaa mbele ya fundi wa namna hii nikidhani anapaka nyasi rangi.

28 Juni, Jumatatu

Nimeamua. Kisiwa kibaki.

Sitamwambia. Nikimwambia atasema hapana, kitoke kisiwa. Mimi nitasema hapana, itoke pumzi. Tutainamiana hapa mpaka sikukuu ipite, na adabu yetu itatuua. Jambo la namna hii hufanywa kimya, kisha mwenzako analikuta limekwisha.

Nimezitoa picha zote za pumzi. Madubwana yangu sasa yamesimama tuli kama vinyago dukani. Diski za akiba nimeziandika juu yake kazi nyingine, ili nisije nikarudi nyuma kesho kwa udhaifu. Nilipofika kwa yule nguruwe wa bondeni, ambaye hushika pumzi kabla ya kurukia, mkono ulikataa. Nikamfuta na yeye.

29 Juni

Sina hamu ya kula. Munakata naye hakula. Matango yamebaki.

30 Juni, Jumatano

Bosi alitukusanya asubuhi, uso unang'aa. "Nimeupakia mchezo wote kwenye kaseti," akasema. "Hauenei tu, una nafasi ya kumwaga! Nani katoa nini? Mbona umepungua hivi?"

Nikawa natazama mikono yangu, kama mtu aliyetenda jambo jema na anangoja ligunduliwe. Nikainua macho kidogo kumwona Munakata. Naye alikuwa anatazama mikono yake.

Nikainuka kitini.

"Bwana Munakata," nikasema, "kisiwa kiko wapi?"

"Nimekitoa juzi," akasema. "Ili pumzi ibaki."

"Pumzi nimeitoa juzi. Ili kisiwa kibaki."

Bosi akaketi. Bi Tatsuno, aliyekuwa mlangoni na kapu la wali, ndiye aliyetufokea.

"Kuoneana haya kumekuueni," akasema. "Meza zenu zinagusana! Mtu ananyoosha mkono anafika kwa mwenzake. Mmeshindwa kusema neno moja? Mwanangu, watu hawa ni wajinga, na wewe uliyewaachia waamue ni mjinga zaidi."

"Diski za akiba?" akauliza bosi kwa sauti ndogo.

"Nimeziandika juu," nikasema.

"Nami pia," akasema Munakata.

Nilitaka kulia, nikawa nacheka, na kicheko kile hakikuwa kizuri kusikia. Munakata alinitazama kama mtu aliyekanyaga mguu wa mgonjwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwake. Akavuta kiti chake, akakizungusha meza, akakaa upande wangu.

"Haya," akasema. "Tuseme. Mimi naanza. Sitaki kisiwa kibaki kama pumzi itatoka. Nimecheza vita vyako vyote. Bila pumzi, ulimwengu wangu ni picha ya kalenda."

"Na mimi sitaki pumzi kama kisiwa kitatoka."

"Basi tuko palepale."

"Tuko palepale," nikasema, "na kaseti haijakua." Nikachukua karatasi, nikaandika kinachokula nafasi, kwa sauti, akisikia. Ardhi ya kisiwa si kubwa. Nyumba zinatumia picha zilezile za nyumba za bara. Pumzi za madubwana ya bara zinaenea. Kinachojaza kaseti mpaka ipasuke ni kimoja tu: madubwana ya kisiwani, ambayo nilimtengenezea mimi, kila moja na pumzi yake.

Nikaikodolea macho ile karatasi. Na yeye akaikodolea macho.

"Hukuyataka, eh?" nikamuuliza.

"Sikuwahi kuyataka. Lakini ningekuambiaje? Nikwambie acha nchi yangu bila kazi yako? Ingekuwa tusi."

"Na mimi nilikuwekea mengi kwa heshima! Nilidhani kisiwa bila vita utaona nimekidharau."

Bi Tatsuno akatua kapu lake. "Kuleni," akasema, "kabla sijawapiga."

1 Julai

Bosi amekuja kazini na koti fupi la mtaa wake na mapaja wazi. Ndiyo sikukuu imeanza, na kuanzia leo hapati akili ya kitu kingine. Ametupa mpaka tarehe tisa, siku wanaume wanapokwenda kuchota mchanga wa pwani wa kujitakasa. Matango yameondolewa mezani. Tango likikatwa, mkato wake unafanana na nembo ya mungu wa sikukuu, na mwanamume wa Hakata hayagusi mpaka amalize mbio za kubeba jukwaa la mungu huyo. Munakata si wa Hakata, lakini bosi amempiga marufuku na yeye. Anakula wali kwa huzuni.

3 Julai

Narudisha pumzi za bara, dubwana baada ya dubwana. Munakata anachora kisiwa upya, na hatazami karatasi yoyote.

5 Julai

Nguruwe wa bondeni amerudi, na safari hii ni bora. Munakata kanishauri ashike pumzi hata akiwa peke yake, kabla hajamwona mchezaji. "Kuna kitu alishawahi kukiona," akasema. Mvua.

6 Julai

Nimemwambia asisahau lile jiwe lililochomoza. Akaniangalia. "Ulilionaje?" Nikamwambia nimepita. Hakuniuliza kama nimeambiwa mengine.

8 Julai, Alhamisi

Bi Tatsuno kafika kisiwani.

Hatukumwambia kitu. Alitoka bara akiwa amechakazwa na madubwana yangu, anatukana kwa furaha, na kabla ya kupanda mashua akanunua dawa zote dukani, akawavisha watu wake ngao bora. "Kisiwa cha mwisho hiki," akasema. "Hawa wawili watakuwa wameniwekea jambo."

Akashuka gatini. Akachukua hatua chache, akasimama. "Njoo basi," akaiambia runinga. Akapanda njia. Akapita lile jiwe. Kwenye nyumba ya kwanza aliingia kwa ubavu, tayari kupigwa. Meza, mikeka, saa ya ukutani iliyosimama. Akatoka. Nyumba ya pili. Shule. Nilimwona anavyoshika padi: mikono miwili, vidole vyeupe. Mwanamke huyu hula mazimwi na wali, na sasa alikuwa anatembea hatua moja, anangoja, hatua moja, anangoja. Muziki tulikuwa tumeutoa. Kulikuwa na upepo tu. Alifika mpaka juu, kwenye mti mmoja uliozaa na matunda yake yako chini hayajaokotwa, akakaa pale muda mrefu. Kisha akashuka, taratibu, bila kuharakisha, akapanda mashua.

Akaweka padi kwenye mto wa kukalia.

"Mbona hakuna aliyekuja?" akauliza.

"Hakuna wa kuja, mama," akasema Munakata. "Tulihama wote."

Bi Tatsuno alimtazama. Akammiminia chai.

Nami nilikuwa nimekaa kando, na nimejua jambo. Kama lile jiwe lisingekuwa na nyasi zilizokanyagika, asingengoja mtu. Kama nisingemfundisha kuogopa huko bara kwa vita mia, asingesikia kwamba hapa hakuna pumzi. Sikuweka kitu pale, na ni vita bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

9 Julai

Tumekabidhi. Umeenea kasetini.

15 Julai, Alhamisi

Mbio za mwisho za sikukuu zilikuwa alfajiri. Tulisimama mimi na Munakata barabarani, mvua inatunyeshea pamoja na maji wanayowamwagia wabebaji, na tukamwona bosi anapita chini ya gogo la jukwaa, amekunja uso, anapiga kelele, ana raha kuliko siku zote za mwaka. Wa mwisho walipopita, watu wakaanza kurudi makwao.

Nikatoa tango kwenye mfuko wangu. Bi Tatsuno alilitia chumvi jana makusudi. Munakata alilipokea kwa mikono miwili, akalivunja, na vipande havikuwa sawa. Akaninyooshea kile kikubwa.

Nikaanza kukataa, kama adabu inavyotaka. Kisha nikakipokea, nikala.